Usiniambie Nipunguze Mawazo

Kwetu Kanoni, wilayani Karagwe, mtu hakupiti asubuhi bila kukuuliza umelalaje. Unaulizwa ukiwa na jembe begani, unaulizwa ukiwa na ndoo ya maji kichwani, na jibu ni moja tu: salama. Ukijibu vingine umemchelewesha mwenzio shambani. Kwa hiyo nimekua nikiamini kwamba majirani zangu wote wanalala vizuri, hadi likizo iliyopita nilipolala chumba kimoja na mama mkubwa.

Aliingia kitandani saa mbili usiku, mara tu baada ya kula, ili kutunza chaji ya taa ya sola. Saa saba alikuwa macho. Saa nane, macho. Saa tisa akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, "Mwanangu, na wewe hujalala?" Kulipokucha jirani akapita nje ya migomba, akauliza lile swali. Mama mkubwa akajibu: salama.

Ugomvi wangu hauko kwenye salamu. Uko kwenye jibu tunalompa mtu anapothubutu kusema ukweli. Mama mkubwa aliwahi kuthubutu. Zahanati moja ilimwambia apunguze mawazo. Kanisani wakamwambia apunguze mawazo na aongeze sala. Wanawe wakamwambia hivyo hivyo kwa simu. Mimi, mwenye shahada moja na nusu, nilimwambia hivyo mara mbili.

Hebu tuyatazame hayo mawazo. Mkoa wa Kagera una neno ambalo Watanzania wengi wa mikoa mingine hawalijui: butura. Mkulima ana shida ya pesa, ada ya shule au mgonjwa, na kahawa yake bado iko kwenye ua. Anamwuzia mtu mwenye fedha zao hilo ambalo halijawa zao, kwa bei ya huruma ya mnunuzi, na msimu ukifika anavuna kahawa ya mtu mwingine katika shamba lake mwenyewe. Serikali imepiga marufuku, viongozi wamehutubia, na butura bado ipo kwa sababu shida bado zipo. Sasa mwambie mtu huyo apunguze mawazo. Apunguze lipi? Deni halijui kwamba ni usiku. Kumwambia hivyo ni kuichukua shida iliyo shambani na sokoni na kuiweka ndani ya kichwa chake, kisha kumlaumu kwa kuihifadhi humo.

Lakini nisiishie hapo, maana hoja ya umaskini nayo huwa rahisi mno midomoni mwetu sisi wa vyuoni. Mama mkubwa alimaliza deni lake la butura misimu miwili iliyopita. Mawazo yalipungua kweli. Usingizi haukurudi.

Hili ndilo ambalo "punguza mawazo" haliwezi kulieleza. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Arthur Spielman, na wenzake walipendekeza kwamba tuitazame hali hii kwa mambo matatu: yale yanayomfanya mtu awe mwepesi kuipata, lile lililoianzisha, na yale yanayoiendeleza. Kilichoianzisha kinaweza kuwa deni, msiba, ugonjwa, mtoto mchanga. Kinaweza kwisha kabisa. Kinachobaki ni mazoea tuliyojijengea tulipokuwa tunahangaika kuutafuta usingizi. Unaingia kitandani mapema ili ufidie, unasinzia mchana, unatazama saa kila mara na kupiga hesabu ya muda uliobaki. Usiku kwa usiku mwili unajifunza kwamba kitanda ni mahali pa kukesha. Baada ya miezi, mtu anasinzia vizuri kwenye benchi la kanisa, na macho yanafumbuka mara tu kichwa kinapogusa mto.

Mama mkubwa alikuwa akikaa kitandani saa tisa na nusu ili kuvuna usingizi wa saa tano.

Kuna dawa za mtaani, bila shaka. Kwanza rubisi. Pombe humlaza mtu haraka na kumwamsha katikati ya usiku, akiwa na kiu na moyo unaodunda, lakini kwa kuwa ile nusu ya kwanza ilifanya kazi, kesho ataongeza kikombe. Pili ni Piriton ya duka la dawa. Piriton ni dawa ya mzio. Usingizi ni athari yake ya pembeni, na mwili huuzoea upesi. Tatu, kwa wenye kufahamiana na muuzaji, ni diazepamu, ambayo ukiizoea kuiacha ni kazi nyingine, na ambayo humwangusha mzee anapoamka kwenda msalani gizani. Hakuna hata moja kati ya hizi inayomfundisha mtu kulala.

Wapo pia wanaosema kukosa usingizi ni ugonjwa wa wazungu, kwamba wazee wetu walilala jua likizama na kuamka jogoo akiwika. Hao niwapeleke ziwa Eyasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, wa David Samson na wenzake, uliwafuatilia Wahadza wazima 33 kwa siku 20. Katika muda wote huo, dakika ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18. Daima kulikuwa na mmoja anayegeuka, anayewasha tumbaku, anayesikiliza. Watafiti waliona hapo ulinzi wa kambi, si ugonjwa. Mimi naona jambo jingine pia: kuamka usiku peke yake si kasoro. Inakuwa maradhi pale inapotokea angalau usiku tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu au zaidi, mtu akiwa na nafasi ya kulala, na mchana wake ukiharibika. Nusu ya mateso ya mama mkubwa ilikuwa hofu kwamba kila akifumbua macho saa saba kuna kitu kimevunjika.

Na tiba ipo. Mwaka 2016 American College of Physicians, jumuiya kubwa ya madaktari huko Marekani, ilipendekeza kwamba mtu mzima mwenye tatizo sugu la usingizi aanze na tiba ya mazungumzo na mazoea, kabla ya vidonge. Masharti yake makuu yanaandikika nyuma ya daftari: punguza saa za kukaa kitandani zikaribie saa unazolala kweli, kisha ongeza kidogo kidogo, amka saa ile ile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya, kitanda kiwe cha kulala, usingizi ukikataa, toka kitandani, nenda chumba kingine, fanya kitu cha utulivu, rudi ukisinzia. (Saa za kitandani zisipunguzwe chini ya tano, na dereva wa bodaboda au mwenye kifafa asijaribu bila mtu wa afya.)

Nenda chumba kingine. Nilimsomea mama mkubwa sharti hilo kwa fahari ya mwanafunzi. Akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Chumba kipi, mwanangu? Na nikitoka nje, wataniitaje?"

Nilijua. Mjane, mwenye umri wake, macho mekundu kwa kukesha na kwa moshi wa kuni, anaonekana uani saa tisa usiku. Tuna sheria ya uchawi tangu 1928, na bado nchi hii imezika vikongwe wengi waliouawa kwa macho mekundu tu. Mgonjwa wa mjini akitoka kitandani anakwenda sebuleni. Mgonjwa wa Kanoni akitoka kitandani anaweza kutoka kwenye sifa yake njema. Wataalamu wetu wakitafsiri mwongozo bila kufikiri nyumba, watakuwa wamesema "punguza mawazo" kwa maneno marefu zaidi.

Kwa hiyo ninachotaka si kliniki ya usingizi yenye mashine. Nataka muuguzi wa zahanati na mhudumu wa afya wa kijijini wafundishwe kuuliza maswali kumi kabla ya kushauri. Unaingia kitandani saa ngapi? Unalala na nani? Kuna maumivu, kukojoa mara kwa mara, huzuni isiyoondoka? Unameza dawa gani, na saa ngapi? Swali hilo la mwisho si dogo katika mkoa ambako UKIMWI ulitambuliwa kwa mara ya kwanza nchini, mwaka 1983. Efavirenz ilijulikana kwa ndoto za kutisha. Dolutegravir iliyochukua nafasi yake huwanyima baadhi ya watu usingizi, na mara nyingine kinachohitajika ni kuihamishia asubuhi. Mtu asiyeulizwa anaweza kuiacha dawa kabisa, kimyakimya, ili alale.

Sisi tulifanya tulichoweza. Mama mkubwa sasa anaingia kitandani saa tano usiku na kuamka saa kumi na nusu alfajiri. Usingizi ukikataa, anakaa kwenye kigoda pale pale chumbani, mgongo kwa kitanda, anachambua maharage kwa kupapasa. Mchana hajinyooshi. Wiki mbili za kwanza zilikuwa mbaya kuliko zamani na alinitukana kwa adabu. Wiki ya tano alilala mpaka jogoo, mara mbili.

Juzi nilimpigia asubuhi. Nikamwamkia, akaitikia, nikamuuliza amelalaje.

"Vibaya," akasema. "Una muda nikueleze?"