Kikwembe au minervali? Mwaka mmoja na wasichana wa Alunguli



Baba mmoja wa Kalima ametuma swali. Anasema binti yake anasoma Kindu, amepanga chumba Alunguli, na sasa ameingia katika kikundi cha wasichana wanafunzi. Kila Jumamosi wanatoa feza. «Mama, miye sijui kile kikundi ni cha kazi gani. Nimukataze ao nimuache?» Swali lake ni zuri, na najua si yeye peke yake anayeliuliza. Kumjibu kwa maneno ya juu-juu hakutamsaidia. Afazali nikusimulie mwaka mmoja, ule wa masomo wa 2010 mpaka 2011, ambao mimi mwenyewe nilikuwa mama mshauri wa kikundi cha namna hiyo. Majina ya wasichana sitayataja. Leo ni wamama, wengine wana watoto shuleni.

Kwa wale wasiojua mji wetu: Kindu ina mitaa mikubwa mitatu. Kasuku na Mikelenge ziko upande mmoja wa mto, pamoja na gari la moshi na ofisi nyingi. Alunguli iko peke yake ng'ambo, upande jua linakotokea. Daraja hakuna. Mto huo siye tunauita Lualaba, na tunauvuka kwa mtumbwi. Barabara ya Kalima inaanza kwetu, njo maana wazazi wa migodini wanapenda binti zao wakae Alunguli: pikipiki inatoka Kalima na mfuko wa mchele na mihogo, inafika mpaka mlangoni bila kulipa mtumbwi. Lakini masomo, kwa wengi wao, yalikuwa ng'ambo ya pili. Kila asubuhi wanavuka na viatu mkononi, na jioni lazima warudi kabla ya giza.

Walikuwa kumi na wanne. Wengine ISP, wengine ISTM kwa mambo ya uuguzi, wengine Chuo Kikuu. Walikuja kwangu mwanzo wa Novemba na daftari mpya. Kanuni zao zilijaa ukurasa mmoja tu, na nilipenda hivyo. Kila Jumamosi kila mmoja anatoa franka 1,000. Katika hizo, 700 ni za muziki, ndiyo kusema zinakwenda kwa yule ambaye zamu yake imefika, jumla 9,800 pamoja na yake mwenyewe. Zile 300 zinabaki katika sanduku la wote, kwa ugonjwa, kilio na shida ya masomo. Sanduku lilikuwa la mbao, na kufuli mbili. Ufunguo mmoja kwa mtunza feza, wa pili kwangu. Mtunza feza alikuwa msichana mkali kidogo, mtu wa Punia, ambaye hakucheka alipokuwa akihesabu. Kikundi kikipata mtunza feza anayechekacheka, ogopa.

Novemba na Desemba zilipita vizuri. Mmoja alifiwa na mama mdogo, wakatoa franka 10,000, wakalala matangani usiku mbili wakipika na kuteka maji. Januari walianza kazi ambayo hata leo naifurahia: kila Jumatano mchana waliketi chini ya mwembe na wasichana wa sekondari wa Alunguli waliokuwa wakitayarisha mtihani wa Serikali, ule tunaouita egzeta. Hesabu, Kifaransa, biolojia. Hakuna aliyewalipa. Kuna mama mmoja jirani aliyekuwa akisema wanafunzi wa chuo wanajua kupaka mafuta tu. Yeye mwenyewe akaanza kuwaletea mahindi ya kuchoma.

Sasa nifike pale panapouma.

Unakumbuka mwaka 2010, mwezi wa Septemba. Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa madini katika Maniema na Kivu zote mbili, ya Kaskazini na ya Kusini. Sababu iliyotolewa ilikuwa ni kuwaondoa watu wa bunduki katika biashara ya madini. Sitaingia katika siasa. Nasema tu jambo lililofika katika vyumba vya Alunguli. Wazee wetu walikuwa wamezoea SOMINKI, kampuni iliyoundwa 1976, na mshahara wake. Kampuni ilipokufa katika miaka ya 1990, familia zilibaki na beleshi na kasiterite ya kuchimba kwa mkono. Sasa hata beleshi ikakatazwa. Msimamizi wa shimo hana feza, mbeba mifuko hana, mama muuza fufu hana. Na binti ng'ambo ya msitu anangoja minervali.

Jambo la kusikitisha ni kwamba baba wengi hawakusema. Walituma ujumbe: «Kesho kutwa, binti yangu, mwisho wa mwezi.» Binti naye hakusema kwa wenzake, akaendelea kutoa 1,000 yake kila Jumamosi kwa kuuza maandazi usiku. Kama tungalijua Novemba, tungaliweza kujipanga pole-pole. Tulijua mwisho wa Februari tu, wakati shule moja ilipobandika majina ukutani: asiyelipa sehemu ya kwanza kabla ya tarehe 5 Machi hataingia katika mitihani. Wetu watatu walikuwa katika ile karatasi. Wote watatu watoto wa Kalima. Kila mmoja alipungukiwa dola 30.

Na Jumamosi ile ile, tarehe 26 Februari 2011, kikundi kilikuwa na neno lingine mezani: kikwembe cha tarehe 8 Machi.

Unajua jinsi siku ile ya wanawake inavyokuwa kwetu. Vikundi vyote vinapita mbele ya wakubwa, kila kimoja na kikwembe chake. Fundi alikuwa amekwisha kupima. Kipande kimoja franka 4,000, kwa watu kumi na wanne 56,000. Tulifungua sanduku. Kwa Jumamosi kumi na tano ingepasa kuwa 63,000. Tukatoa 10,000 za kilio, na 4,000 za wale waliochelewa, tukakuta 49,000 kamili. Kila mmoja akiongeza 500, kikwembe kimepatikana.

Mimi, nakiri, nilisema vibaya. Nilisimama nikasema, «Aibu! Wenzenu watafukuzwa na ninyi mnataka kupendeza!» Nilifikiri nimemaliza neno. Kumbe aliyenijibu alikuwa mmoja wa wale watatu, mdogo kuliko wote, wa mwaka wa kwanza.

«Mama, usibakaripie,» akasema. «Miye njo nilitaka kikwembe. Kule shuleni bote balisha kusoma jina yangu ku kibambazi. Tarehe munane batu bote batavaa, miye nikikosa, hata ule mwenye hakusoma atajua. Kikwembe ingenifunika.»

Nyumba ikanyamaza. Nilikuwa nimeona kitambaa kama kiburi, na yeye alikiona kama blanketi.

Wala usifikiri ni mambo ya wasichana wetu tu. Kule Marekani, katika Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, wasichana wanafunzi weusi 22 waliunda kikundi chao Januari 1913, kinachoitwa Delta Sigma Theta. Nao wana rangi zao, nyekundu na nyeupe ya maziwa, na michango yao, na dada wakubwa wanaoongoza wadogo. Hawakumaliza hata miezi miwili, wakaingia barabarani tarehe 3 Machi 1913 pamoja na wanawake waliodai haki ya kupiga kura. Baada ya miaka mingi kikundi hicho kilisaidia hata hospitali ya wazazi huko Thika, Kenya. Rangi na kazi vilikwenda pamoja. Kwa hiyo, baba, ukisikia binti ameshona nguo ya kikundi, usianze na makelele kama mimi.

Lakini sanduku letu halikuwa na nafasi ya vyote viwili. Walizungumza mpaka mitumbwi ya mwisho ikafika. Prezidenti wao akahesabu: tukiongeza zile 500 tulizotaka kuongeza kwa kikwembe, tunapata 56,000, yaani kama dola 60. Dola 60 ni minervali ya watu wawili. Wa tatu je? Hakuna aliyetaka kulisema. Mtunza feza alikuwa akigeuza kalamu.

Yule mdogo akasema tena: «Hawa bayaya babili beko mwaka wa mwisho. Bakifukuzwa, bamepoteza miaka tatu. Miye nimepoteza miezi ine. Mubalipie.»

Wakapiga kura kwa karatasi. Kumi na moja kwa minervali, watatu kwa kikwembe. Sikuuliza ni nani wale watatu, na wewe usiulize. Feza zilitolewa kama mkopo, zikaandikwa, wakatia saini. (Mmoja alimaliza kulipa mwezi wa Agosti. Mwingine anadaiwa franka 4,000 mpaka leo. Tukikutana sokoni ananikimbia kwa kucheka.)

Tarehe 8 Machi, siku ya Jumanne, tulivuka mapema. Wasichana kumi na wanne, blauzi nyeupe, chini kila mmoja na kikwembe chake cha zamani, kingine cha maua, kingine cha samaki, kingine kimepauka. Tulikuwa kama soko linalotembea. Vikundi vingine vilitutazama. Yule mdogo alitembea katikati, wala sikuona mtu akimnyooshea kidole, kwa sababu hakuna aliyefanana na mwenzake.

Kesho yake alipanda pikipiki ya Kalima na begi lake.

Na kesho kutwa yake, Alhamisi tarehe 10 Machi 2011, uchimbaji ukaruhusiwa tena. Nilikaa mlangoni siku ile sikupika. Tungalijua! Lakini nikikuambia ukweli, hata angalibaki, mambo hayakuwa rahisi. Julai 2010 Marekani ilikuwa imeweka sheria mpya juu ya madini ya kwetu, na kuanzia Aprili 2011 wanunuzi wakubwa wa ng'ambo walidai barua za kuonyesha kila mfuko umetoka shimo gani. Barua hizo hazikuwapo. Shimo lilifunguliwa, mnunuzi akafunga mlango.

Basi, baba wa Kalima uliyeniuliza: usimkataze. Lakini usimwache bila kuuliza. Mwambie akuletee daftari likizoni, ulisome ukurasa kwa ukurasa. Uliza kufuli ni ngapi na nani anashika ufunguo. Uliza mkutano unamalizika saa ngapi, kwa sababu mtumbwi wa usiku si wa binti wa mtu. Ukikuta daftari halina tarehe, au ukikuta mtu mmoja anashika sanduku na ufunguo pamoja, hapo una haki ya kukataza. Na wewe nawe, feza zikikosekana, mwambie mapema. Usimfiche kwa «kesho kutwa». Yeye si mtoto tena, anajua kuuza maandazi.

Zilizobaki za mwaka ule ni chache. Pasaka tulipumzika. Jumatano za mwembe ziliendelea mpaka wasichana wa sekondari wakaingia katika mtihani wao. Kila Jumamosi mtunza feza aliita majina kumi na manne, na akifika kwa yule mdogo aliandika «hayuko», wala hakufuta mstari. Nilimuuliza kwa nini. Akasema karatasi zimekwisha kupigwa mistari, atapoteza wino.

Mwanzo wa Juni zamu ya mwisho ya muziki ilifika, na ilikuwa ya yule asiyekuwapo. Kanuni ilisema asiyetoa hapokei, na tangu Februari hakuwa ametoa. Nilingoja mtunza feza aisome. Hakuisoma. Alikusanya 700 kumi na tatu, 9,100, akazifunga katika mfuko wa nailoni, akaandika katika daftari «deni», akampa mtu wa pikipiki.

Baada ya juma mbili mtu wa pikipiki alirudi na kidumu cha mafuta ya mawese, cha litri ishirini, kimefungwa kwa ndizi kavu ili kisimwagike. Juu yake karatasi iliyotoka katika daftari ya shule. Iliandikwa: «Hii ni ya Jumamosi zangu. Muuze, mutoe deni, kitakachobaki mutie mu sanduku. Oktoba ninakuja, muniwekee zamu ya kwanza.»

Mtunza feza alipima mafuta kwa chupa, chupa kwa chupa, mbele ya wote. Yalifika 11,200 sokoni. Akaandika.