Chama cha Wakutubi: Kife, au Kilipiwe?

Miongoni mwetu huku Takaungu na Kilifi wamo wafanyao kazi katika maktaba, wengine za kaunti, wengine za shule na vyuo. Hawa wametuletea swali, nalo si la mshahara. Wanao umoja wao mdogo wa wakutubi wa pwani, ambao maofisa wake wote hufanya kazi bila ya kulipwa hata senti. Sasa maofisa hao wamechoka. Katibu anataka kujiuzulu na hapana anayetaka kuishika kazi yake. Wenzetu wauliza: umoja huu uvunjwe, uingizwe ndani ya chama chetu cha wafanya kazi, au uachwe hivyo hivyo?

Wako watakaosema jambo hili halituhusu, sisi tusiokuwa wakutubi. Twasema latuhusu. Mtoto wa mkata katani wa Vipingo hana vitabu nyumbani. Akivipata, atavipata katika maktaba. Na maktaba ya watu wote si jambo la kigeni kwetu. Maktaba ya Seif bin Salim ilianzishwa Mombasa mwaka 1903, hali McMillan ya Nairobi ilifunguliwa 1931, tena kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia humo kusoma. Lakini kitabu hakijitunzi. Maandiko mengi ya mashairi na tendi za pwani hii, yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, leo yamo London katika chuo cha SOAS, na mjukuu wa mwandishi akitaka kuyashika mkononi hana budi kwenda Ulaya. Hatusemi waliyoyachukua walifanya vibaya, kwani huenda mchwa wangeyala. Twasema tu kwamba huku hapakuwa na watu wenye kazi ya kuyatunza, wala chama cha kuidai kazi hiyo.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Kuvunja chama si aibu ikiwa kazi yake ina pa kwenda. Chama cha Maktaba cha Afrika Mashariki kiliundwa mwaka 1956. Baadaye kila nchi ilipata sheria yake ya maktaba, Tanganyika 1963, Uganda 1964, Kenya 1965, na mafunzo ya ukutubi yakaanza Makerere mwaka 1963. Kila nchi ikawa na bodi yake, na tawi lake la wakutubi likaanza kushughulika na serikali yake. Mwaka 1972 chama kile kikubwa kilivunjwa. Je, kilikufa? La. Matawi yalikuwapo tayari, yakageuka vyama kamili vya kila nchi. Mwaka 1974 wakutubi wa nchi hizi na za kusini wakakutana Dar es Salaam, ukaanza mkutano ule ujulikanao kwa jina la SCECSAL. Na mwaka 1984 mkutano wa wakutubi wa dunia nzima, wa IFLA, ulifanywa Nairobi.

Wenzetu wa pwani hawana matawi ya kurithi kazi hiyo. Wakivunja leo, daftari la wanachama litabaki kabatini nyumbani kwa mtu, na mkutubi wa shule aliye peke yake atakuwa peke yake kweli kweli. Hatukubaliani na wasemao uvunjwe.

Wengi wa kamati yetu walipenda rai ya pili, kwamba wakutubi wote waingie kwetu na umoja wao uwe idara ya chama. Yapendeza kusikia, maana wanachama wangezidi. Lakini ukiitazama sana haifai. Chama cha wafanya kazi huandikishwa kwa Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007. Chini ya sheria hiyo twaweza kukaa na mwajiri na kufanya mapatano ya pamoja, tukiwa na zaidi ya nusu ya wafanya kazi wake wanaostahili kuwa wanachama. Umoja wa wakutubi hauna uwezo huo, nao usijidai kuwa nao. Kwa upande wa pili, mkutubi mkuu ni mtu wa mwajiri. Hawezi kukaa upande wetu wa meza siku ya mapatano. Mwalimu atazamaye maktaba ya shule ana chama chake, KNUT au KUPPET. Tukiumeza umoja huu, mkubwa atatoka, mwalimu atatoka, tutabaki na wahudumu peke yao, nao tunao tayari. Mahali pekee ambapo mkubwa, mwalimu na mhudumu hukaa pamoja kuzungumza juu ya kazi yao ni katika umoja huo. Tuuache uwe wao.

Tena kuna jambo la kaunti. Katiba ya 2010 iliziweka maktaba katika kazi za serikali za kaunti, na toka hapo swali la nani mwajiri, nani anunue vitabu na nani alipe bili ya umeme limekuwa zito. Katika maneno kama hayo chama cha wafanya kazi hutetea cheo na malipo ya uzeeni. Lakini nani atasema mbele ya baraza la kaunti kwamba chumba chenye rafu bila ya mkutubi aliyefunzwa si maktaba? Tukisema sisi, tutaambiwa twatafuta nafasi za kazi. Yafaa waseme wenye ujuzi.

Basi twabakia na rai ya tatu, ila si kama walivyoileta. Kuuacha hivyo hivyo ni kuuvunja polepole. Mtu afanyaye kazi ya umoja usiku, baada ya kazi ya mwajiri, hufanya mwaka mmoja vizuri, wa pili hivi hivi, na wa tatu barua hazijibiwi. Hatumlaumu. Mwaka 1947, baada ya mgomo mkuu wa Mombasa, Shirikisho la Wafanya Kazi wa Kiafrika lilikuwa na maelfu nyuma yake. Agosti mwaka huo huo Chege Kibachia akakamatwa na kupelekwa Baringo, na shirikisho likafifia. Yeye alikamatwa na serikali. Katibu wa wakutubi hukamatwa na uchovu au na uhamisho. Kazi iliyo kichwani mwa mtu mmoja huondoka na mtu huyo.

Dawa tuijuayo ni karani wa kulipwa, walau wa nusu siku. Si mwenyekiti alipwe, la, karani. Atunze daftari, akate stakabadhi, ajibu barua. Tufanye hesabu ya mfano tu: watu 200 wakitoa shilingi 100 kwa mwezi ni shilingi 20,000. Hapo pana karani wa nusu siku na sanduku la posta. Mhudumu wa mshahara mdogo atoe 50, mkubwa atoe 200, na kura zao ziwe sawa. Wasingoje mfadhili kutoka nje. Mfadhili hulipia semina na chakula cha mchana, hawezi kumlipa karani mwaka hadi mwaka.

Sisi kwa upande wetu tumekubaliana kuwapa chumba chetu siku moja kila juma, bure kwa mwaka mmoja, na mashine yetu ya kutolea nakala, mradi karatasi walete wao. Hatutaki kiti katika kamati yao wala sahihi katika benki yao. Mwaka ukiisha bila ya karani kupatikana, chumba tutakirudisha kwa shughuli zetu.

Wasioafiki maoni haya waandike kwa karani wa tawi. Barua itachapwa katika toleo lijalo ikiwa imetiwa sahihi na haizidi ukurasa mmoja.