KILWA HAIKUWA PORI

Katika sensa ya mwaka 2012 Wilaya ya Kilwa ilikuwa na watu zaidi ya 190,000. Mwaka 2022 walizidi 297,000. Twafurahi. Lakini bado wako wanaoitazama ramani, wakaona nchi kubwa yenye watu wachache, wakadhani kwamba tangu zamani Kilwa ilikuwa pori tupu.

Sisi twawajibu: sivyo. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliusifu uzuri wa mji ule, uliotajirika kwa biashara ya dhahabu ya Sofala. Mwaka 1505 Wareno waliuteka na kuupora. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya kusafirishia watumwa. Maelfu walishushwa pwani katika minyororo, wala hawakurudi. Na hapa tusifichane: miongoni mwa waliowauza walikuwamo na Waafrika wenzetu.

Wakaja Wajerumani. Mwaka 1895 walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya, na mahali penyewe hata leo paitwa Mwembe Kinyonga. Julai 1905, huko Nandete katika nchi ya Wamatumbi, wananchi waling'oa pamba ya kulazimishwa, na Vita vya Maji Maji vikawaka hadi 1907. Risasi ziliua wengi, lakini njaa iliua wengi zaidi, maana adui alichoma vijiji na ghala za chakula kwa kusudi. Mtoto aliyekufa kwa njaa ile hakuacha mjukuu. Hilo ni pengo ambalo hakuna karani wa sensa awezaye kulihesabu.

Basi twasema wazi: kugawa walimu, waganga na visima kwa hesabu ya vichwa peke yake si haki. Wilaya iliyopunguziwa watu kwa minyororo na moto isije ikapunguziwa shule kwa kalamu. Mkoloni alihesabu vibanda apate kodi. Sisi tuwahesabu watu tupate kuwatumikia.

Nanyi ndugu wa Kilwa, msingoje Serikali katika kila jambo. Kaeni na wazee wenu, andikeni majina ya vijiji vilivyotoweka, na Halmashauri yenu iyahifadhi. Asiyejua alichonyang'anywa hawezi kukidai.