Vijana wa Makambako wapewe duara, waache lami

Jumapili moja nilipanda Makambako kufuata mechi ya ligi ya wilaya. Iliisha 0-0 na, kusema ukweli, haikuwa na la kuandika. Lakini nilirudi na stori, na siyo ya mpira.

Nyuma ya goli la upande wa barabara kuna gereji ya bodaboda. Siyo gereji ya bati, ni mti, turubai na boksi la spana. Dakika ya 30 hivi nikaona mashabiki wanahama mmojammoja kutoka pembeni mwa uwanja kwenda pale. Mwandishi akiona watu wanahama, naye anahama. "Kamwene, kaka," nikamsalimia fundi. Akaitika bila kuinua kichwa. Alikuwa amefungua kabureta.

Pikipiki ile ilikuwa imeletwa kutoka Dar es Salaam wiki hiyo hiyo na ilikuwa inakohoa. Fundi akatoa plagi akanionyesha: nyeusi, imejaa masizi. "Huyu bado anacheza mpira wa Dar," akasema. Watu wakacheka, mimi nikachukua kalamu.

Maelezo yake ni haya. Kule pwani hewa ni nzito. Makambako iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Njombe mjini panakaribia mita 2,000. Ukifika huko hewa imepungua kwa kama moja ya tano. Kabureta haijui hilo, inaendelea kumwaga mafuta yaleyale. Mafuta mengi, hewa kidogo, injini inakabwa. Dawa yake ni kufunga jeti ndogo na kushusha sindano kidogo. Unaendesha, unasimama, unatoa plagi tena. Ikiwa nyeusi bado, ikiwa nyeupe umezidisha na injini itaungua. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, umepatia.

Shabiki wa mpira anaijua hali hii. Timu ya pwani ikipanda Sabasaba pale Njombe, dakika ya 60 ulimi uko nje. Walioiona Njombe Mji ikicheza Ligi Kuu msimu wa 2017/18 wanakumbuka baridi ile. Tofauti ni kwamba fundi hamlaumu mwamuzi. Anabadilisha jeti.

Halafu kuna suala la spea, ambalo nalo ni usajili kabisa. Pistoni na ringi zinatoka Kariakoo kwa basi, ndani ya boksi lililozungushiwa gundi ya karatasi. Orijino na feki zinafanana sura, kama wachezaji kwenye video ya wakala. Fundi wetu haamini boksi. Anachukua ringi peke yake, anaiingiza ndani ya bloku, anaisukuma kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, kisha anapima uwazi kati ya ncha zake mbili. Ncha zikibanana sana, injini ikipata moto zinagusana na ringi inakwaruza bloku. Uwazi ukizidi, nguvu inavuja. Ningependa kuona kamati za usajili za klabu zetu zikipima mchezaji hivyo kabla ya kumpiga picha na jezi.

Sasa ndiyo nifike ninapotaka kufika. Ujuzi huu wote unatumika kwa ajili ya nini? Mchana ni kwa ajili ya mkate. Usiku, kwa baadhi ya vijana, ni kwa ajili ya kupiga resi.

Nyote mnaijua. Saa nne usiku, lami ya kwenda Njombe, pikipiki mbili, taa zimezimwa, na pesa zimeshikwa na mtu wa tatu. Barabara ileile wanapita na malori ya makaa ya mawe. Nina rafiki, winga niliyecheza naye Umisseta. Alikuwa na mguu wa kushoto ambao ungemfikisha mbali. Mguu huo leo haupo. Hakuupoteza kwa rafu ya beki. Aliupoteza kwenye resi ya usiku, akiendesha pikipiki aliyoifunga mwenyewe na iliyokuwa inakimbia kuliko zote mtaani. Siku nilipokwenda kumwona hospitali, kitu cha kwanza alichoniambia ni kwamba alikuwa anaongoza.

Polisi wanakamata, ndiyo, na wakamate. Lakini tuache kudanganyana. Kijana aliyejua kuifanya injini ikimbie atataka kuona inakimbia. Ukimnyima uwanja, atatumia barabara. Sisi wa mpira tunalijua hili tangu utoto: tulipofukuzwa uwanja wa shule tulicheza barabarani.

Kuna mchezo mmoja ambao hapa kwetu hatuuzungumzi. Ni mbio za ndege ndogo za kufungwa waya. Unatambuliwa na FAI, shirikisho la michezo ya anga duniani lililoanzishwa mwaka 1905, na una ubingwa wa dunia. Timu ina watu wawili tu: rubani na fundi. Marubani watatu wanasimama katikati ya duara, kila mmoja ameshika ndege yake kwa nyaya za karibu mita 16, na ndege tatu zinazunguka kwa pamoja. Mzunguko mmoja ni mita 100. Mbio za mchujo ni mizunguko 100, yaani kilomita 10, na timu bora hukaribia dakika tatu. Piga hesabu: ni kama kilomita 200 kwa saa, tena pamoja na kusimama kujaza mafuta!

Injini yake haizidi sisi 2.5. Bodaboda ya sisi 125 ni kubwa mara 50. Tangi linabeba sentimita 7 tu za ujazo, kijiko cha chai na kidogo juu. Kwa hiyo ndege inatua, fundi aliye nje ya duara anaidaka, anajaza, anapiga panga kwa kidole, injini inawaka, anaachia. Ni sekunde chache. Akichelewa, mbio zimekwisha. Akikosea sindano, vilevile. Mshindi ni yule ambaye fundi wake amesoma injini, hewa na mafuta vizuri. Nilipoona hivyo nikamkumbuka jamaa wa chini ya mti.

Uwanja? Duara zima pamoja na eneo la usalama lina upana wa kama mita 40. Uwanja wa mpira una upana wa mita 60 na zaidi. Linaingia bila kung'oa goli. Mafuta ya injini hizo ni mchanganyiko wa mafuta ya taa, mafuta ya nyonyo na etha. Mbili za kwanza tunazijua. Ya tatu inashika moto haraka mno na lazima isimamiwe na mwalimu. Mbao Njombe tunazo za kutosha. Injini yenyewe itabidi iagizwe nje, hapo sina ujanja. Na kabla ya chochote kupaa, TCAA waulizwe.

Najua nitakachoambiwa: "Dogo, shule hazina hata mipira, wewe unaleta ndege?" Hoja ni ya haki. Basi tuanze na tulichonacho. Karakana za VETA zichukue injini ya bodaboda, kila timu ya vijana wawili ipewe ileile, kabureta ileile na nusu lita ya petroli. Waifunge, waisetie kwa hewa ya Makambako, kisha waende uwanja uliofungwa waone ya nani inafika mbali zaidi. Hakuna kukimbizana, hakuna lori, kofia ngumu kichwani. Atakayeshinda hapo ndiye tumwagizie injini ya sisi 2.5.

Afrika Mashariki tumeshawahi kuona fundi akiwa bingwa. Joginder Singh wa Kenya alianzia gereji. Mwaka 1965 alishinda Safari Rally kwa Volvo iliyokuwa imeshatumika na timu ya kiwanda, halafu akashinda tena 1974 na 1976. Wakati wenzake wanakuja na magari mapya, yeye alijua cha kufanya na la zamani.

Na watu wa Njombe hatuna haja ya kuelezwa habari za kusubiri. Makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga tumevisikia tangu tukiwa wadogo. Mkataba na kampuni ya Kichina ulisainiwa 2011. Mtoto wa Ludewa aliyekuwa darasa la kwanza mwaka ule leo ana umri wa kuwa na leseni ya bodaboda. Chuma kiko ardhini, makaa yako jirani, na ringi ya pistoni bado inatoka ng'ambo. Mgodi usubiri, sawa, ni mambo ya wakubwa. Kijana hawezi kusubiri.

Baraza la Michezo la Taifa lipo tangu 1967, na michezo siyo soka peke yake. Ninaandika haya kwenye kurasa za soka kwa makusudi, kwa sababu wanaokimbizana usiku ni mashabiki wetu, wengine ni wachezaji wetu. Maofisa michezo wa Njombe, mkikaa kupanga ratiba ya mwaka, tengeni Jumamosi moja tu kwa mafundi. Uwanja upo, siku hiyo hakuna mechi.

Rafiki yangu amesema atakuja kushika saa. Siku hizi anafunga injini akiwa amekaa kwenye kigoda, na bado hakuna anayemshinda kusoma plagi.