Marehemu Hakuomba Tunyamaze

Kuna imani ambayo ukiitaja hapa Mwandoya, mkoani Simiyu, iwe gulioni au kwenye benchi la fundi cherehani, hakuna atakayekubishia: gazeti likichora katuni juu ya watu waliokufa juzi, limevuka mpaka. Turubai la msiba halijashushwa, na tayari kuna mtu Dar es Salaam ameshika kalamu anatafuta cha kuchekesha. Hana utu huyo. Maneno haya husemwa kwa uchungu wa kweli, na kwa kuwa yana uchungu hakuna anayeyachunguza. Mimi nasema imani hii ni mbovu, tena imewakinga watu wasiostahili kukingwa.

Tuanze na madai kwamba kicheko na msiba havikai pamoja. Nani alisema? Wazee wetu hawakusema. Mnyamwezi akifiwa, mtani wake Mzaramo au Mgogo alifika na vituko vyake, na hakuna aliyemfukuza. Mtani huvaa koti la marehemu na kuiga mwendo wake. Huwadai wafiwa deni ambalo halijawahi kuwapo. Wapo watani wanaoingia kaburini na kugoma kutoka mpaka watupiwe chochote. Kwetu Usukumani mjukuu humtania babu akiwa hai, na babu akifa utani haukomi kwa sababu tu amefumba macho. Wafiwa hucheka huku machozi yanawatoka, na hakuna anayekwenda kushtaki kwa mtendaji wa kata kwamba msiba umevunjiwa heshima.

Mtu makini atanijibu hapa, na jibu lake ni zito. Mtani ana kibali. Anachimba kaburi, anabeba jeneza, anakesha na wafiwa, na kesho zamu ya kutaniwa itakuwa yake. Mchoraji wa gazeti hamjui marehemu, hakukesha, na kazi ile analipwa. Mjane wa Bariadi hana utani na mhariri wa Dar es Salaam.

Nakubali, kila neno. Ila tazama hoja hiyo inatufikisha wapi. Kibali cha mtani anakihitaji mtu anayemtania marehemu. Mtu anayemhoji aliye hai, tena aliye hai mwenye ofisi, mhuri na mshahara wa umma, hahitaji undugu na yeyote. Kwa hiyo tukitaka kujua kama mpaka umevukwa, kuhesabu siku tangu mazishi hakutusaidii kitu. Tutazame nani ndani ya mchoro ule anachekwa.

Mpaka upo, na wapo waliouvuka. Agosti 2016 tetemeko la ardhi liliua watu karibu 300 katikati ya Italia, wengi wao katika mji wa Amatrice. Gazeti la Charlie Hebdo la Ufaransa likachora majeruhi na maiti waliofukiwa na vifusi kana kwamba ni aina za vyakula vya Kiitaliano, tabaka la mtu juu ya tabaka la unga. Halmashauri ya mji ule ikalishtaki gazeti. Watetezi wa mchoro walisema ulilenga ujenzi mbovu. Labda. Lakini ukiutazama, anayechekwa ni yule aliye chini ya kifusi. Mkandarasi haonekani, wala aliyemtilia sahihi. Mchoro ule ungekuwa mbaya siku ya pili, na ungekuwa mbaya vilevile baada ya miaka kumi.

Sasa turudi mkoani kwetu. Januari 13, 2024, ardhi iliporomoka katika machimbo ya dhahabu ya Ng'alita, wilayani Bariadi, na watu 22 wakafa. Walikuwa wachimbaji wadogo. Viongozi walieleza kwamba eneo lile lilikuwa limezuiwa kwa sababu ya mvua kubwa. Taarifa ikatua masikioni mwa watu kama hukumu: waliambiwa, hawakusikia.

Wawazie wachoraji wawili kesho yake asubuhi. Wa kwanza anachora kijana mwenye macho ya tamaa akiruka kamba yenye bango la katazo, huku kaburi likimsubiri upande wa pili. Wa pili anachora bango lilelile la katazo limesimama peke yake porini, bila mlinzi, na nyuma yake nyumba ya mkulima wa pamba yenye ghala tupu. Kila mtu wa Simiyu angeuelewa mchoro wa pili bila maelezo. Januari pamba bado iko shambani, msimu wa kuuza hufunguliwa kuelekea katikati ya mwaka, na mahitaji ya shule hayasubiri. Michoro yote miwili ingetoka siku moja, juu ya vifo vilevile. Wa kwanza ni uchafu, wa pili ni uandishi wa habari. Imani yetu ya kawaida ingeitupa yote miwili katika kapu moja, kwa kosa la kutosubiri.

Kusubiri mpaka lini? Siku ileile ya Ng'alita, mashindano ya AFCON yalianza Ivory Coast. Siku nne baadaye Taifa Stars ikafungwa na Morocco mabao matatu kwa bila, na nchi nzima ikahamia kwenye mjadala wa safu ya ulinzi. Simlaumu mtu, nami nilikuwa humo. Ndivyo nchi zilivyo: macho ya watu hubaki kwenye janga kwa siku chache, kisha hugeuka. Anayesema katuni isubiri arobaini anajua au hajui, lakini anaomba ichapishwe siku ambayo hakuna wa kuitazama.

Na uzoefu wetu wa kusubiri ni mchungu. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaza kupita kiasi, na mamia wakafa. Tulilia na kusema kazi ya Mungu haina makosa. Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilizama Nungwi ikielekea Pemba, nayo imejaza kupita kiasi. Tukalia tena, tukasema maneno yaleyale. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka mita chache kutoka kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228.

Kazi ya Mungu haina makosa, sawa. Kuhesabu abiria si kazi ya Mungu. Ni kazi ya mtu aliyesimama gatini na kitabu cha tiketi mkononi, na ya mkubwa wake aliyemkagua au hakumkagua. Sentensi ile ya faraja tumeigeuza kuwa stakabadhi ya kumwachilia mtu yule aende zake, na kalamu ya mchoraji ni kati ya vitu vichache vinavyoweza kumrudisha mbele ya macho yetu. Ripoti ya tume husomwa na wanasheria. Katuni husomwa na kila mtu. Tangu enzi za Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru hadi panya wa Masoud Kipanya, kuna wasomaji wengi wa nchi hii ambao gazeti huwaingia kwa mlango wa katuni.

Ukitaka kujua imani hii inamtumikia nani, tazama nani hukasirika kwanza. Septemba 2024 Ali Mohamed Kibao, kiongozi wa Chadema, alishushwa kwenye basi na watu wenye silaha, na mwili wake ukapatikana Ununio, Dar es Salaam. Rais mwenyewe alilaani mauaji hayo na kuagiza uchunguzi. Wiki chache baadaye, mwanzoni mwa Oktoba, gazeti la The Citizen lilirusha mtandaoni katuni ya video: mwanamke anayefanana na Rais anabadilisha chaneli za televisheni, na kila chaneli ina watu wanaolilia ndugu zao waliopotea au kuuawa. Oktoba 2 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ikasimamisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications, kampuni inayochapisha gazeti hilo, ikisema maudhui yale yanahatarisha umoja wa kitaifa na amani. Katuni ikaondolewa.

Katika katuni ile hapakuwa na maiti iliyochekwa. Wafiwa walikuwa ndio wasemaji, na mtazamaji aliombwa kitu kimoja tu, asibadilishe chaneli. Aliyekasirika si mama aliyempoteza mwanawe. Ni mamlaka. Haikutaja hata heshima ya marehemu, lakini kazi iliyofanywa na katazo lake ni ileile inayofanywa na adabu yetu ya msibani: kuhakikisha vifo na wenye madaraka havionekani ndani ya fremu moja.

Huku tukimlaani mchoraji, tazama tunachokiachia. Ajali ikitokea, kabla ndugu hawajapigiwa simu, picha za miili zimeshazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, nyingine zikiwa na sura na nguo. Tunazituma na kuandika "Mungu awapumzishe" chini yake. Huko ndiko marehemu anakodhalilishwa, tena na watu walewale watakaosema kesho kwamba katuni haina utu. Mchoraji angalau huficha sura.

Sisemi kila katuni ni shujaa. Wapo wachoraji wavivu wanaochora jeneza na chozi na kwenda kulala, na wapo wanaowasimanga maskini kwa kufa kimaskini. Walioungua Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, wakichota mafuta ya lori lililopinduka, walisimangwa kwa tamaa hata kabla hawajazikwa wote, na kalamu iliyojiunga na masimango yale ilistahili kuvunjwa.

Basi mhariri akiletewa katuni juu ya msiba mbichi, asitazame kalenda. Atafute aliyechekwa. Akiwa ni maiti, au mjane, au maskini aliyekufa akitafuta riziki, airarue. Akiwa ni yule aliyetakiwa kuzuia kifo kile na hakuzuia, aichapishe kesho asubuhi, ukurasa wa mbele. Nasi wasomaji, ofisa yeyote akitutaka tuheshimu marehemu kwa kunyamaza, tumwombe kwanza atuonyeshe ripoti ya uchunguzi. Akishaiweka mezani, tutazungumza naye habari za adabu.