Wazazi na Vijana, Acheni Kugombania Picha: Someni Kanuni za Mchezo



Kila likizo, vijana wakirudi kutoka vyuoni, mabishano ni yale yale. Kijana amekuja na kitabu kikubwa cha mchezo wa kutisha, na kwenye jalada kuna dude lenye minyiri kama ya pweza. Baba anaiona picha na kusema kitabu kitoke ndani ya nyumba. Kijana anajibu: "Baba, hizi ni hadithi tu." Mimi nasema wote wawili wamekosea, kwani wanagombania jalada. Tabia ya mchezo imo katika kanuni zake, na kanuni hazifanani hata kidogo.

Kwa asiyeijua michezo hii: watu wanne au watano hukaa mezani. Mmoja ni msimulizi, na kila mmoja wa waliobaki huigiza mhusika wake kwa maneno. Hakuna skrini. Msimulizi anasema: "Mlango umefungwa, na ndani mnasikia mtu analia. Mnafanya nini?" Kanuni zinahitajika pale ambapo hakuna ajuaye kama jambo litafaulu au la. Hebu tuzitazame aina nne.

Ya kwanza ni Dungeons & Dragons, iliyotoka Marekani mwaka 1974. Vijana wengi huanzia hapa, na wakitaka kutishana hubaki hapo hapo. Hili ni kosa. Mhusika ana alama za uhai, naye kila anapopanda ngazi alama zinaongezeka. Kwa kanuni za mwaka 2014, akipata usingizi wa usiku mmoja alama zote zilizopotea zinarudi. Sasa niambieni, mtu anayejua kuwa kesho asubuhi atakuwa mzima ataogopa nini? Mchezo huo ni wa mashujaa. Hata ukiweka ngome na usiku wa giza, bado ni wa mashujaa.

Ya pili ni Call of Cthulhu ya Sandy Petersen, ya mwaka 1981, iliyotokana na hadithi za Lovecraft. Hapa mhusika ni mtu wa kawaida, labda mwalimu au mwandishi wa habari, na kufa ni rahisi. Hilo ni jema. Lakini zipo kasoro mbili. Kwanza, uwezo wa kuona kitu kilichofichwa huanzia asilimia 25, kwa hiyo asiyeuongeza hushindwa mara tatu katika kila nne. Likizo iliyopita nyumbani kwangu vijana walihitaji barua iliyokuwa ndani ya mtoto wa meza. Dado zikakataa, zikakataa tena. Hadithi ikakwama, na mdogo wao akarudi kwenye simu yake.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Mhusika ana alama za akili timamu, na kila akiona jambo la kutisha zinapungua. Zikipungua sana, orodha iliyomo kitabuni inaeleza wazimu utakaompata. Usiku ule kijana mmoja aliangukiwa na wazimu wa namna hiyo, akaanza kuuigiza, na wenzake wakacheka. Mmoja hakucheka. Baba yake mdogo anatibiwa maradhi ya akili, na kila mtu pale mezani alijua. Hakuna aliyekusudia ubaya, lakini kanuni ndiyo iliyowafikisha hapo. Wazazi wanaoogopa minyiri ya jalada, je, hili wameliona?

Ya tatu ni Trail of Cthulhu ya Kenneth Hite, ya mwaka 2008, inayotumia kanuni za Robin Laws. Laws aliona kasoro ya ile barua na akaiondoa. Mwenye ujuzi unaohusika, akitafuta mahali panapostahili, hupata ushahidi muhimu bila kurusha dado. Swali halibaki "je, tumeona?" bali "tulichokiona kina maana gani?" Hii ni akili nzuri, na kwa mwanafunzi ni mazoezi ya kufikiri. Lakini alama za akili bado zimo.

Ya nne ni Dread, ya mwaka 2005, na huu ndio ninaoutetea. Hauna dado. Katikati ya meza unasimamishwa mnara wa Jenga wenye vipande 54 vya mbao. Jenga ni neno letu wenyewe: Leslie Scott, Mwingereza aliyekulia Afrika Mashariki, ndiye aliyeuita mchezo wake hivyo na kuuingiza sokoni London mwaka 1983. Katika Dread, ukitaka kufanya jambo la hatari unachomoa kipande na kukiweka juu. Mnara ukisimama, umefaulu. Ukikataa kuchomoa, umeshindwa lakini uko hai. Ukiuangusha, mhusika wako ametoka katika hadithi. Na ukiuangusha kwa kusudi ili kuwaokoa wenzako, jambo lako linafaulu, kisha unatoka.

Tazameni kanuni hiyo inafundisha nini. Hofu iko mbele ya macho ya wote, na hakuna mgonjwa wa kuchekwa. Kujitolea kwa ajili ya mwenzako kuna bei, na kuna faida. Hata miungu ya kubuni ya Lovecraft haihitajiki. Hadithi inaweza kuwa ya jahazi lililopotea baharini. Zipo nyumba nyingi za Kiislamu ambazo dado haziingii kabisa. Suala hilo lina wajuzi wake, nami siliingilii, lakini kwa Dread halitokei.

Wapo watakaosema: "Msimulizi hodari hahitaji kanuni nzuri." Jawabu: akilazimika kuzificha dado ili kuokoa jioni, amekwisha kukiri kuwa kanuni zake ni mbovu. Wengine watasema Dread ni ya usiku mmoja tu. Hapo wamesema kweli. Anayetaka hadithi ya miezi atafute Trail, na akubaliane na wenzake mapema kwamba wazimu hautachezewa.

Tulirudia na mnara usiku wa mwisho wa likizo. Yule mdogo hakuigusa simu. Yule aliyenyamaza mara ya kwanza ndiye aliyeusukuma mnara kwa mkono wake ili wengine wafike pwani. Kesho yake walirudi vyuoni.

Basi baba, kabla ya kukitoa kitabu nje, kaa na mwanao umuulize: tukishindwa, kanuni zinatufanya nini? Na wewe kijana, uwe na jibu.

Wabillahi tawfiq.