JE, MICHEZO YA VIDEO YAFAA?

Shule inapofungwa wengi wetu hukimbilia michezo ya video, na wazee hutuambia kuwa twapoteza wakati bure. Likizo iliyopita nami niliambiwa hivyo. Nikamjibu Baba kwa habari ya New York, nikidhani nimeshinda.

Habari yenyewe ni hii. Siku hizi daktari aweza kutoa kifuko cha nyongo bila kupasua tumbo kwa upana. Hutoboa matundu machache madogo, akaingiza kamera na vyombo virefu vyembamba, akafanya kazi huku akitazama kioo. Kazi hiyo ni ngumu, maana chombo hugeukia penye tundu kama kasia ubavuni mwa mashua: mkono ukienda kushoto, ncha huenda kulia.

Mwaka 2007 Dakta James Rosser na wenzake wa hospitali ya Beth Israel, New York, walitangaza matokeo ya kuwapima wapasuaji 33 kwa mazoezi ya namna hiyo. Waliowahi kucheza michezo ya video zaidi ya saa 3 kwa juma walifanya makosa pungufu kwa asilimia 37, na walimaliza upesi zaidi kwa asilimia 27, kuliko wale wasiopata kucheza kamwe.

Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Je, hao 33 walipata udaktari kwa kucheza?" Nikanyamaza. Wote walikuwa madaktari tayari. Tena hesabu hiyo haithibitishi kuwa mchezo ndio uliowapa mikono myepesi. Yamkini wenye mikono myepesi ndio waliopenda mchezo.

Hata hivyo sikubali kuwa mchezo ni upuuzi mtupu. Mkono hujifunza kwa kurudia, na ni heri mwanafunzi wa upasuaji akosee mara mia mbele ya kioo kuliko mara moja tumboni mwa mgonjwa. Hospitali zinazofundisha zisione haya kutumia mchezo uliotengenezwa kwa kazi hiyo, mradi pawe na mwalimu na kipimo cha makosa.

Lakini sisi wanafunzi tusijifiche nyuma ya madaktari. Mimi nataka kuwa mpasuaji, na muhula uliopita alama zangu za Biolojia zilikuwa mbaya. Hakuna mchezo utakaozirekebisha. Likizo ijayo nitacheza baada ya kusoma, na Baba ameahidi kunihesabia saa.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne